Matajiri wa Viwanda Mbele ya Wanafunzi

Katika shule za sekondari za Marekani, mwanafunzi afikapo darasa la kumi na moja, ambalo aghalabu ndilo darasa la tarikhi ya nchi yake, hufika wiki moja ambayo mwalimu huandika ubaoni majina manne, Andrew Carnegie wa chuma, John D. Rockefeller wa mafuta, Cornelius Vanderbilt wa reli na J. P. Morgan wa mabenki, kisha akaliuliza darasa swali lililokwisha kuulizwa vizazi na vizazi: je, watu hawa walikuwa majemadari wa viwanda walioijenga nchi, au walikuwa wanyang'anyi wenye tai shingoni? Darasa hugawanywa pande mbili, wa upande huu wakatetea na wa upande ule wakashutumu, kura ikapigwa, kengele ikalia, na kila mtu akaenda zake akiwa na rai ile ile aliyoingia nayo. Swali hili lina utamu wake, na mwalimu aliyechoka hulipenda kwa kuwa linajiendesha lenyewe. Walakini lina ila kubwa, nayo ni kwamba linamtaka kijana wa miaka kumi na sita ahukumu nyoyo za watu waliokwisha kufa, kazi ambayo hata kadhi hakukalifishwa nayo, na linamwacha aondoke bila kuyajua mambo ambayo yangeweza kujulikana kwa hakika: siku ya kazi ilikuwa ya saa ngapi, ujira ulikuwa kiasi gani, mlango wa kiwanda ulifungwa kwa amri ya nani, na sharia iliyokuja kuufungua ilipitishwa mwaka gani na kwa kura za akina nani.

Nasema hivi kwa sababu somo lenyewe ni zuri mno kuharibiwa kwa mjadala wa nusu saa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865. Mwaka 1869 reli ikaziunganisha bahari mbili. Na kabla ya karne ile kwisha Marekani ilikuwa imekwisha kuipita Uingereza kwa wingi wa feleji, yaani chuma cha pua, kinachotoka katika matanuri yake. Mamilioni ya watu walivuka bahari kutoka Italia, Urusi, Poland na nchi za Waslavi wakaingia katika miji ambayo haikuwa na maji safi wala nyumba za kuwatosha. Katika mchafuko huo wakaibuka watu wa namna mbili, wenye viwanda na wenye kudai matengenezo ya hali za watu, na vitabu vya shule huwapa kila namna sura yake, mathalan sura ya kumi na tatu kwa hawa na ya kumi na tano kwa wale, hata mwanafunzi akadhani kwamba hawakupata kuonana. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Tumchukue Carnegie. Alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline huko Scotland, mwana wa mfumaji aliyekuwa akifuma nyumbani kwa mtambo wa mkono, hata mashine za mvuke zilipoingia zikamnyang'anya baba yule riziki yake, na mwaka 1848 aila nzima ikavuka Atlantiki ikatua Allegheny, kando ya Pittsburgh. Mtoto alianza kazi ya kubadilisha vijiti vya nyuzi katika kiwanda cha pamba kwa ujira wa dola 1.20 kwa wiki, kisha akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu. Na katika siku hizo za unyonge palikuwa na bwana mmoja, Kanali James Anderson, aliyekuwa akiwafungulia vijana wenye kufanya kazi vitabu vyake mwenyewe, vipatavyo 400, wapate kuazima. Carnegie hakuisahau fadhili ile maisha yake yote. Alipokuwa tajiri alijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi zinazosema Kiingereza, na ya kwanza katika Marekani ilifunguliwa mwaka 1889 huko Braddock, karibu na mojawapo ya viwanda vyake vya feleji, ikiwa na bafu chini yake ambamo wafanyakazi waliweza kuoga masizi kabla ya kupanda kwenda kusoma. Mwaka huo huo alichapisha makala yake mashuhuri juu ya utajiri, akasema kwamba tajiri ni amini tu wa mali ile, na kwamba afaye naye angali ameikumbatia, afa kwa aibu.

Miaka mitatu baadaye, katika mji wa Homestead upande wa pili wa mto Monongahela, mkataba wa ujira kati ya kampuni yake na chama cha wafanyakazi wa chuma ulifikia mwisho. Carnegie alikuwa Scotland mapumzikoni. Aliyeachiwa rungu alikuwa Henry Clay Frick, aliyezungusha kiwanda kwa boma la mbao na miba ya waya, akawafungia wafanyakazi nje, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 1892 akaleta askari wa kukodi 300 wa shirika la Pinkerton, wamepakiwa katika matishari mawili yanayokokotwa mtoni. Watu wa mji, wake kwa waume, walishuka ufukoni kuwazuia. Risasi zilirushwa mchana kutwa, na jua lilipokuchwa wafanyakazi saba na askari wa kukodi watatu walikuwa wamekufa. Gavana wa Pennsylvania akapeleka wanajeshi wa jimbo maelfu, kiwanda kikafunguliwa kwa watu wapya, na chama kikavunjika hata hapakuwa tena na chama chenye nguvu katika feleji kwa zaidi ya miaka arubaini.

Hapa mwalimu mwenye busara huacha hotuba akagawa karatasi. Karatasi ya kwanza iwe makala ya Carnegie mwenyewe ya mwaka 1886, ambamo aliandika kwamba haki ya wafanyakazi kuungana si takatifu kidogo kuliko haki ya mwenye kiwanda. Ya pili iwe masharti ya Frick ya mwaka 1892. Na ya tatu itoke katika kitabu cha mtafiti mmoja mwanamke, Margaret Byington, aliyekwenda Homestead miaka kumi na tano baada ya mapigano akakusanya hesabu za matumizi ya nyumba 90, akazitangaza mwaka 1910: kodi ya nyumba kiasi gani, nyama kiasi gani, makaa kiasi gani, bima ya maziko kiasi gani. Ndimo mwanafunzi aonamo kitanda kilicholaliwa na mpangaji wa zamu ya usiku wakati wa mchana, na mpangaji wa zamu ya mchana wakati wa usiku, shuka isipate kupoa. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili, na kila wiki ya pili, wakati wa kubadilishana zamu, mtu alisimama mbele ya tanuri saa ishirini na nne mfululizo. Mji ule nao ulikuwa na maktaba nzuri ya Carnegie, iliyofunguliwa mwaka 1898. Na wafanyakazi walimwambia Bibi Byington kwamba lau bwana yule asingaliupunguza ujira wao na akawaacha wazitumie fedha zile wenyewe, wangalifurahi zaidi, kwani mtu afanyaye kazi saa kumi na mbili kitabu atakisoma saa ngapi? Kijana aliyeziweka karatasi hizo tatu mezani hana haja ya kuambiwa Carnegie alikuwa mwema au mwovu. Atauliza mwenyewe maktaba ile ilijengwa kwa fedha za nani, na swali hilo lina jawabu.

Carnegie aliuza kampuni yake mwaka 1901 kwa dola milioni 480, na kabla ya kufa mwaka 1919 alikuwa amekwisha kutoa takriban dola milioni 350, nyingi zikiwa wakfu. Na kwa kuwa sisi watu wa pwani twaujua wakfu tangu zamani, twajua pia kwamba wakfu huishi kuliko mwenyewe na huenda mahali ambapo mwenyewe hakupawaza. Wakfu wa Carnegie ulifika mpaka Kabete, karibu na Nairobi, ambako mwaka 1925 ulisaidia kuanzisha shule ya Jeanes ya kuwafunza walimu wa shule za vijijini, baada ya tume ya Phelps-Stokes, ambayo Mwafrika James Aggrey alikuwa mmoja wa wajumbe wake, kupita nchi zetu mwaka 1924. Mfano wa elimu ile ulitolewa katika shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, nao ulikuwa na wenye kuusifu na wenye kuulaumu, kwamba wamfunza mtu ustadi wa mikono na usafi wa kijiji lakini haumwonyeshi njia ya kwenda mbele zaidi. Tajiri wa feleji wa Pittsburgh basi anayo nafasi ndogo hata katika tarikhi ya shule za Kenya.

Rockefeller nitampita upesi, kwa kuwa vitabu vyote vyamsimulia. Litoshe hili, kwamba mwandishi aliyemfichua, Ida Tarbell, alikuwa binti wa mtengenezaji wa mapipa ya mafuta wa Pennsylvania ambaye biashara yake na ya jirani zake ilibanwa na mapatano ya siri ya nauli za reli ya mwaka 1872. Na kwamba makala zake, zilizoanza kutoka mwezi Novemba 1902, zilijaa nyaraka za mahakama na hesabu kuliko matusi. Mwaka 1911 Mahakama Kuu iliivunja kampuni ya Standard Oil ikawa makampuni 34, na hisa za makampuni hayo zikapanda bei, hata Rockefeller akazidi utajiri kwa kuadhibiwa. Wanafunzi huicheka sana habari hii. Waache wacheke.

Sasa tuje kwa watengenezaji wa hali za watu. Mwaka 1889 Jane Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr waliingia kukaa katika jumba la zamani lililojengwa na tajiri wa viwanja, Charles Hull, katika mtaa wa Halsted mjini Chicago, katikati ya wahamiaji mafukara. Na jumba lile hawakulinunua, bali mrithi wa Hull, Bibi Helen Culver, aliwaachia wakae pasipo kodi. Katika Krismasi yao ya kwanza waliwagawia watoto wa jirani peremende, na wasichana wadogo kadhaa wakazikataa. Wenyeji wakastaajabu, maana mtoto wa fukara kukataa kitu kitamu ni jambo adimu. Kumbe watoto wale walikuwa vibarua wa kiwanda cha peremende, na kwa muda wa wiki sita kabla ya sikukuu walikuwa wakiingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa tatu usiku, hata hawakuweza tena kuvumilia kuziona. Addams mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii katika kitabu chake juu ya Hull House, nami naona yafaa kusomwa darasani kabla ya sharia yoyote kutajwa.

Sharia yenyewe ilikuja mwaka 1893. Florence Kelley, aliyekuwa akikaa katika jumba lile, alizunguka vyumba vya chini na vya darini ambamo watu walishona nguo kwa malipo ya kila kipande, akaandika alichokiona, na bunge la Illinois likapiga marufuku kuwaajiri watoto walio chini ya miaka kumi na minne viwandani, na kuweka saa nane kuwa ukomo wa kazi ya wanawake. Kelley akafanywa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka 1895 mahakama kuu ya jimbo ikakifuta kifungu cha saa nane, kwa hoja kwamba mwanamke ana uhuru wa kufanya mkataba wa saa azitakazo. Jambo hili lapasa lisimame mbele ya wanafunzi kwa muda, kwa sababu vitabu vyao huyasimulia matengenezo kana kwamba ni ngazi ipandayo tu, ilhali mara nyingi sharia ilipitishwa, ikafutwa, ikapitishwa tena kwa sura nyingine, na katikati ya kupita na kufutwa watoto waliozaliwa wamekwisha kukua.

Miongoni mwa watengenezaji hao wamo walimu wa shule, na mmoja wao ni Lewis Hine, aliyekuwa akifundisha New York, kisha akaacha chaki akashika kamera, na tangu mwaka 1908 akaajiriwa na kamati ya taifa iliyopigania kukomesha kazi za watoto. Alizunguka migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya pamba na vya kutia samaki makoponi, na kwa kuwa mabawabu hawakupenda kumwona, aliingia mara akijifanya mwuza vitabu vya dini na mara wakala wa bima. Vifungo vya kizibao chake alikuwa amevipima urefu toka ardhini, hata mtoto akisimama karibu naye aliweza kumkadiria kimo, akaandika kimya kimya kwa mkono ulio mfukoni. Picha zake zaidi ya 5,000 zimo katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, na mwalimu yeyote aweza kuzitumia. Mpe kila mwanafunzi picha moja isiyo na maelezo, aandike anachokiona, yaani viatu, mikono, mashine na saa ya ukutani ikiwapo, ndipo umpe maelezo aliyoyaandika Hine.

Bunge la taifa lilizikataza bidhaa za kazi za watoto kuvuka mipaka ya majimbo mwaka 1916. Haikutimia miaka miwili, baba mmoja wa North Carolina, Roland Dagenhart, akisaidiwa na wenye viwanda vya pamba, aliishtaki sharia ile ili wanawe waendelee na kazi zao kiwandani, na mwaka 1918 Mahakama Kuu ikampa ushindi kwa kura tano dhidi ya nne. Baba kudai mahakamani kwamba mwanawe aachwe afanye kazi! Kijana wa leo hushtuka. Lakini akiisha kuonyeshwa ujira wa mtu mzima katika viwanda vile vya kusini, mshtuko hugeuka kuwa hesabu, na hesabu ile ndiyo somo.

Habari ya moto wa Triangle haina budi kusimuliwa, ijapokuwa ni nzito. Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911, jioni wakati wa kutoka, moto ulishika katika kiwanda cha blauzi kilichokuwa katika orofa ya nane, ya tisa na ya kumi ya jengo moja la New York. Ngazi za zimamoto zilifika orofa ya sita tu, mlango mmoja wa orofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano. Wenye kiwanda walishtakiwa wakaachiliwa. Miaka miwili kabla, wasichana wa viwanda vya nguo vya mji ule walikuwa wamegoma, wa Triangle wakiwamo, na waliotoka kuwaunga mkono ni pamoja na Anne Morgan, binti wa J. P. Morgan yule yule ambaye jina lake liko ubaoni. Na katika kundi la watu waliosimama njiani wakitazama moto alikuwamo Frances Perkins, ambaye alikuja kuifanyia kazi tume iliyoandika upya sharia za viwanda za New York, na mwaka 1933 akawa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani.

Na kama mwalimu wa huko ataka mfano usiokuwamo katika kitabu chake, basi upo, na nusu yake ni tarikhi ya pwani yetu. Katika jimbo la Connecticut, kando ya mto, kuna mji mdogo uitwao Deep River, ambako George Read, shemasi wa kanisa la Kibaptisti, alikuwa na kiwanda cha vitana vya pembe za ndovu, na baadaye biashara ile ikawa ya vibao vyeupe vya kupigia piano. Read alikuwa adui wa utumwa, naye alimpa hifadhi mtu mweusi aliyetoroka kutoka kwa mabwana wa kusini. Pembe zenyewe, kwa miaka mingi ya karne ile, zilikuwa zikija kutoka Unguja, katika merikebu za wafanya biashara wa New England waliokuwa na mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833, na walioleta merikani, nguo iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa mikono ya wasichana waliofanya kazi saa kumi na mbili na zaidi, kwa pamba iliyochumwa na watumwa. Huku kwetu pembe zilishuka kutoka Tabora na Ujiji mpaka Bagamoyo mabegani mwa watu, wengine Wanyamwezi waliojiajiri kwa ujira wa nguo na walioiona safari ya pwani kuwa ni fahari ya ujana, na wengine watumwa wasio na hiari. Zikifika Connecticut zilipasuliwa vipande vyembamba kama ganda la yai, vikalazwa wiki kadhaa katika vibanda vya vioo vilivyoelekea jua mpaka vikawa vyeupe pe, kisha vikabandikwa kwenye piano za sebule ambamo, yamkini, nyimbo za kupinga utumwa ziliimbwa. Mwanafunzi atasema haraka kwamba bwana yule alikuwa mnafiki. Amwambie mwalimu basi, kwa ramani na kwa tarehe, ni habari gani zingeweza kumfikia mtu wa Deep River juu ya njia ya Tabora, na tangu lini.

Somo hili huwa na desturi ya kwisha mwaka 1938, Rais Roosevelt alipotia sahihi sharia ya viwango vya kazi ambayo Bibi Perkins aliipigania miaka mingi: ujira usipungue senti 25 kwa saa, wiki ya kazi ya saa 44 itakayoshuka mpaka 40, na watoto walio chini ya miaka kumi na sita wasiajiriwe viwandani. Mwalimu asifunge daftari hapo. Awape wanafunzi sharia yenyewe, na awaambie watafute walioachwa nje, nao wataona kwamba wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani hawakuingizwa katika haki zile, na kwamba katika majimbo ya kusini kazi hizo mbili ndizo zilizokuwa za watu weusi wengi, wake kwa waume, na ya kuwa kura za wajumbe wa kusini zilihitajiwa ili sharia ipite. Wa mashambani waliingizwa kwa sehemu mwaka 1966, na watumishi wa majumbani mwaka 1974.